Mfupa unaoota kwenye nyama baada ya kubadilishiwa nyonga

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari zenu. Sogeeni mbele maana hii spika mnaiona wenyewe ilivyo. Nyonga bandia inawekwaje sitaeleza, video zimejaa YouTube, leo naongelea kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi wanakuja kukisikia wakati kishatokea.

Mtu kafanyiwa operesheni, nyonga iliyolika imetolewa, kawekewa ya chuma na plastiki, yale maumivu ya miaka yameisha, anafurahi. Wiki zinaenda anaona mguu unagoma kukunja, kuvaa soksi kazi, kukaa kwenye kigoda ndo usiseme, akipigwa eksirei daktari anaona mfupa umeota. Na haujaota pale kwenye chuma, umeota kwenye nyama, katikati ya misuli, mahali ambapo mfupa hauna kazi. Kitaalamu ni heterotopiki osifikesheni. Na ni mfupa kweli, ukikomaa una mpaka uboho ndani.

Unatoka wapi? Kwenye misuli yetu kuna seli changa ambazo bado hazijapangiwa kazi. Nyonga iko ndani sana, daktari hawezi kuifikia bila kukata na kuvuta misuli, damu inavuja, unga wa mfupa uliochongwa unadondokea humo humo, afu mwili unamwaga kemikali za kuponya jeraha. Zikizidi, zile seli zinapokea amri ya kutengeneza mfupa. Hii habari ya amri alianza kuionyesha Mmarekani Marshall Urist mwaka 1965, alichukua mfupa akautoa madini yote, akaupandikiza kwenye misuli ya wanyama, mfupa mpya ukaota pale pale kwenye nyama!

Sasa nisikilizeni hapa maana ndo kiini cha maneno yangu yote leo. Hiyo amri inatoka ndani ya siku chache za mwanzo, mgonjwa bado yuko wodini, ila eksirei inakuja kuonyesha kitu baada ya wiki 3 hadi 6, na mfupa kukomaa kabisa ni mwaka hivi, wengine zaidi. Kwa hiyo ukisubiri uuone ndo uuzuie umeshachelewa, mazungumzo na daktari wako yafanyike kabla ya kisu.

Umwambie nini? Kama upande mwingine ulishabadilishiwa na mfupa ukaota, hilo liwe la kwanza, usingoje uulizwe. Kama una ule ugonjwa wa uti wa mgongo kuganda, sema. Wanaume wanapata zaidi ya wanawake, na wale ambao nyonga yao kabla ya operesheni ilishaota vinundu vingi vya mfupa pembeni nao wamo.

Kinga ziko mbili kubwa. Moja ni vidonge, indometasini, kawaida miligramu 25 mara 3 kwa siku kwa wiki kadhaa, ila jamani msikimbilie duka la dawa, hiyo dawa inachubua tumbo na kusumbua figo, na wewe uliyetoka kubadilishiwa nyonga mara nyingi uko pia kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, zikikutana unaweza kuvuja damu tumboni. Ya pili ni mionzi, dozi moja tu, grei 7 au 8 (grei ni kipimo cha mionzi), masaa machache kabla ya operesheni au ndani ya masaa 72 baada yake. Mashine hizo ziko hospitali chache, kama Ocean Road hapa Dar, kwa hiyo nayo inataka kupangwa mapema, na mimi naona apewe yule mwenye hatari kubwa, sio kila mtu.

Kusema mfupa umeota kiasi gani kwenye eksirei, tangu 1973 tunatumia madaraja manne ya daktari Brooker. La kwanza ni vipande vidogo vinaelea kwenye nyama, la pili mfupa umechomoza kutoka kwenye nyonga au paja ila nafasi iliyobaki kati ya pande hizo mbili ni sentimita 1 au zaidi, la tatu nafasi iko chini ya hapo, la nne kwenye picha pande mbili zinaonekana zimeshikana. Wengi wanaishia la kwanza na la pili na hawajui kama wanao, wanatembea zao sokoni, na mtu wa hivo simgusi na kisu hata eksirei yake ikitisha vipi.

Mama pale anauliza kukandwa. Maji ya uvuguvugu sina ugomvi nayo kidonda kikishapona, ila mtu akukamate mguu aukunje kwa nguvu mpaka unalia, hapana, mfupa hauondoki hivo na misuli inaumia upya. Mazoezi fanya, wewe mwenyewe uunyanyue mguu mpaka unapofika, fiziotherapia watakuelekeza.

Kijana anauliza kama ni kansa. Sio kansa. Na mfupa huo kutolewa unatolewa, ila kwa yule ambaye nyonga imekaza kweli, na tunasubiri ukomae kwanza, afu kinga inarudiwa maana unaweza kuota tena.

Ee mzee, uvimbe? Mwanzoni panaweza kuvimba na kuwa na joto, shida ni kwamba damu iliyoganda mguuni na usaha kwenye nyonga navyo vinaanza hivo hivo. Usikae nyumbani kubahatisha ni kipi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.