Sele kapewa barua, akaenda kucheza bao

MWANA: Tumeanza? Haya. Msikilizaji, mada ya leo ni furaha ya ndani, na mdogo wangu Sele wiki hii kapewa barua.

SELE: Salamu kwanza, dada.

MWANA: Salamu walishazoea kuzikosa. Waambie.

SELE: Nimepunguzwa kazini. Sisi wa stoo wote. Tuliitwa saa nane mchana, kila mtu akakuta bahasha yake mezani na chupa ya maji. Yale maji sijui walihofia tutazimia.

MWANA: Ukatoka ukaenda wapi? Maana wifi alinipigia saa tatu usiku, anauliza kama uko huku tunarekodi. Na mimi habari ya barua sina.

SELE: Nilikuwa nakwenda nyumbani, wallahi. Nimeshuka Magomeni, nikawakuta wazee wa bao pale kwenye mwarobaini. Mmoja akaniita, "Kijana, njoo unamue." Nikakaa.

MWANA: Ukakaa mpaka saa tatu.

SELE: Sasa hapo ndipo mada ya leo ilipo, furaha ya ndani. Mfukoni nina nauli tu, barua iko kwenye begi, halafu nacheka mpaka mbavu zinauma. Si kicheko cha kujikaza. Nikajiuliza, hii inatoka wapi? Hakuna aliyenipa kitu. Basi ilikuwamo humuhumu.

MWANA: Umepewa na wazee.

SELE: Wazee hao nimewapita miaka yote nikiwa na mshahara. Mbona sikucheka?

MWANA: Kwa sababu hukukaa! Ungejifungia chumbani na barua yako tungeona hiyo ya ndani ingetokea mlango gani. Lakini subiri. Ulipofika kwenye nyumba hapo ubaoni, ulilala au ulisafiri?

SELE: Nilisafiri.

MWANA: Na kete ngapi?

SELE: 11.

MWANA: Mapema hivyo? Marehemu baba angekufukuza barazani. Nyumba ya kete 11 unailalia, unamwacha mwenzio ahangaike.

SELE: Dada, kuna watu hawajui bao.

MWANA: Wajue leo. Mashimo 32, safu nne za manane, wewe mbili na mwenzio mbili. Kete 64, kila mtu 32. Unaanza na 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba, yaani shimo lako kuu, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Hizo 22 zilizobaki unazishika mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni mojamoja. Sasa kete yako ya mwisho ikitua kwenye nyumba huku unakula kete za mwenzio, una hiari: ulale, mchezo uende kwa mwenzio, au usafiri, uzibebe zote uendelee kusambaza. Huyu kabeba zote.

SELE: Nikala mtaji wa maana! Safu yake ya mbele ikabaki na vijikete viwili. Halafu ukiangalia, maisha nayo...

MWANA: Soda!

SELE: Sijamaliza sentensi.

MWANA: Ukisema maisha ni kitu fulani, unanunua soda. Wasikilizaji waliipitisha sheria hii baada ya kile kipindi cha "maisha ni daladala". Na ulifungwa, sivyo?

SELE: Nilifungwa vibaya sana. Na bado nilikuwa na furaha! Mwalimu Nyerere naye alipostaafu urais 1985 si alirudi Butiama, na bao alilipenda?

MWANA: Mwalimu hakuwa anadaiwa kodi ya nyumba, Sele.

SELE: Hapo umenipiga.

MWANA: Niseme kama mtu niliyekaa ofisi ya utumishi. Barua kama hiyo ukiipata, unaanza na karatasi. Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa kiinua mgongo, angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la kukosa ajira. Ukiwa umechangia miezi 18 unapata theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Lakini uwe umeachishwa, si umeacha mwenyewe. Furaha yangu mimi ingeanzia kwenye foleni hiyo.

SELE: Na usiku ule? NSSF imefungwa, kiinua mgongo hakijulikani. Nilie mpaka asubuhi nikisubiri dirisha lifunguliwe?

MWANA: Ulie na mkeo! Wakati wewe unacheka, wifi alikuwa anapiga simu hospitali. Unalijua hilo?

SELE: ...Ananikumbusha kila siku.

MWANA: Basi.

SELE: Lakini dada, ningefika na uso ule wa saa nane, ningewaliza hata watoto. Nilifika nimetulia. Nikakaa naye, nikamweleza pole pole, tukapanga. Utulivu ule sikuununua.

MWANA: Umeulipia kwa roho ya mtu mwingine. Dakika moja ya simu, "Mama Rama nimechelewa, niko salama." Halafu ucheze hadi alfajiri.

SELE: Ningepiga simu ningesema yote, na ningesema nikiwa nimevunjika.

MWANA: Sikubali.

SELE: Na mimi sikubali.

MWANA: Tubaki hivyo. Fundi ananionyesha saa, wenzetu wa kipindi cha mpira wako mlangoni.

SELE: Nilikuwa nimeandaa mambo matano ya kumsaidia mtu aliye kwenye shida!

MWANA: Soma moja.

SELE: La kwanza, vuta pumzi...

MWANA: Hilo wanalifanya tangu wazaliwe. Mengine utayatuma kwa sauti kwenye grupu. Jumatatu saa mbili asubuhi nakupitia twende NSSF, uwe na barua na kitambulisho.

SELE: Jumatatu asubuhi nina marudiano.

MWANA: Wazee gani wanacheza bao saa mbili asubuhi?

SELE: Si wazee. Wenzangu wa stoo.