Moto wa Dakika Kumi na Idhini Iliyochelewa

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Idrisa ameandaa mafunzo matatu ya leo: namna kampuni kubwa zinavyochagua nchi za kuingia, zinavyopanga bei pale sarafu zinapoyumba, na zinavyogawana madaraka kati ya makao makuu na matawi. Nimemwomba tuanze na hilo la tatu, kwa sababu wiki hii limenikaba kooni.

IDRISA: Nami nimekubali, dada Rehema, kwa sharti kwamba yale mawili tutayafikia.

REHEMA: Mnajua kwamba kazi yangu ni ununuzi, katika tawi la kampuni ambayo makao yake makuu yako bara jingine. Jumatatu mgavi wetu wa vifuniko vya chupa alitupigia simu kutuarifu kwamba mzigo utachelewa wiki moja. Nilikuwa na mgavi wa pili mwenye vifuniko vya kipimo kilekile, ambavyo watu wetu wa ubora walikwisha kuvikagua, ila bei yake ilikuwa juu kidogo. Kwa taratibu zetu, ombi la kununua kwa mtu asiyekuwemo katika orodha ya wagavi walioidhinishwa lazima lipite kwa mkuu wa kanda, liende ofisi ya ununuzi ya dunia nzima, kisha lisomwe na wanasheria. Idhini ilipofika, mgavi yule alikuwa amekwisha kuwauzia wengine, na mtambo wa kujazia chupa ulikuwa umesimama.

IDRISA: Pole sana. Hata hivyo, orodha ile haikuwekwa kwa ukorofi. Kampuni inayonunua kwa ajili ya nchi nyingi kwa mkupuo mmoja hupata bei ambayo tawi moja haliwezi kuipata, na siku mteja akilalamika hujua kila kifuniko kilikotoka.

REHEMA: Bei nzuri ya kifuniko ambacho hakipo hainisaidii. Na hayo maneno "wiki moja" ndiyo yaliyonirudisha kwenye mkasa wa Ericsson, kampuni ya Uswidi iliyokuwa ikitengeneza simu za mkononi.

IDRISA: Usimulie wote, maana wengi wanaujua nusunusu.

REHEMA: Usiku wa tarehe 17 Machi 2000, radi ilipiga njia ya umeme katika jimbo la New Mexico, Marekani, na umeme ulipoyumba moto ukazuka katika kiwanda cha Philips mjini Albuquerque, kilichokuwa kikitengeneza chipu za simu za mkononi. Moto ulizimwa ndani ya dakika 10. Ukitazama kwa nje ungesema hakuna kilichoharibika, lakini chumba cha kutengenezea chipu hakitakiwi kuingia hata chembe ya vumbi, na sasa kilikuwa kimejaa moshi na masizi, huku visahani vya silikoni, ambavyo chipu hutengenezwa juu yake na ambavyo vingetosha mamilioni ya simu vikiwa havifai tena. Philips iliwaarifu wateja wake wawili wakubwa, Nokia na Ericsson, kwamba kutakuwa na ucheleweshaji wa wiki moja hivi.

IDRISA: Yaani taarifa ileile kwa wote wawili.

REHEMA: Ileile. Kule Nokia, ofisa wa ununuzi aliyepokea simu hakuikalia taarifa hiyo. Aliwaeleza wenzake na wakubwa zake, chipu zile zikaingizwa katika orodha ya vitu vya kufuatiliwa kila siku, na walipozidi kuuliza wakatambua kwamba wiki moja ilikuwa ndoto. Kule Ericsson habari ilibaki ngazi za chini kama tatizo la kawaida la kiufundi, na mkuu wa kitengo cha simu hakuipata hadi mwezi uliofuata. Tena kampuni hiyo ilikuwa imepunguza wagavi wake katika miaka ya 1990 ili kubana gharama, hivyo haikuwa na pa kukimbilia. Ilipoteza mauzo ya takriban dola milioni 400, na mwaka 2001 iliunganisha biashara yake ya simu na ya Sony, ingawa sisemi kwamba moto ule peke yake ndio ulioifikisha huko.

IDRISA: Mkasa ni huo, lakini unanipa haki mimi. Tazama yaliyotokea baada ya taarifa kupanda. Jorma Ollila, aliyekuwa mkuu wa Nokia, alizungumza mwenyewe na wakuu wa Philips hadi Nokia ikapewa nafasi katika viwanda vingine vya kampuni hiyo, Eindhoven na Shanghai, na wahandisi wakabadilisha usanifu ili baadhi ya chipu ziweze kutengenezwa na watu wengine. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayeona simu zote za dunia nzima kwa pamoja. Kila tawi lingeachiwa kujitafutia, yangegombania chipu zilezile na kupandishiana bei.

REHEMA: Nani aliyewaamsha hao wakuu? Ni mtu wa chini ambaye kampuni ilimzoesha kuamini kwamba akipaza sauti atasikilizwa. Sasa chukua Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilipokwenda Ujerumani. Iliingia mwaka 1997 kwa kununua maduka yaliyokuwepo, ikaweka uongozi kutoka Marekani, Kiingereza kikawa lugha ya wakubwa, na wakajikuta na lundo la foronya zisizouzika kwa sababu zilikuwa za vipimo vya mito ya Kimarekani. Mpanga rafu yeyote mjini Köln angewaambia kwamba foronya hizo haziingii. Mwaka 2006 waliuza maduka yote kwa Metro, kampuni ya Kijerumani, na kuondoka.

IDRISA: Foronya ni kitu kinachokumbukwa kwa urahisi, dada, lakini hazikuwafukuza Walmart. Walikuta Aldi na Lidl, kampuni za maduka za Kijerumani, wamekwisha kujenga mitandao yenye bei za chini, na hata kama kila foronya ingelingana na mto wake, wangekuwa bado wadogo katika soko ambalo faida yake ni nyembamba mno. Na ukitaka kuona madaraka yaliyoshushwa chini kabisa, tazama ABB, kampuni ya mitambo ya umeme iliyozaliwa mwaka 1988 kwa muungano wa Asea ya Uswidi na Brown Boveri ya Uswisi. Makao makuu yake yalikuwa na watu kama 150 tu kwa wafanyakazi zaidi ya 200,000. Meneja wa kiwanda aliwajibika kwa mkuu wa nchi na papo hapo kwa mkuu wa bidhaa, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1998 ABB iliuvunja muundo huo.

REHEMA: Baada ya miaka 10 ya kukua chini ya muundo huohuo! Wewe unahesabu siku ya kuvunjwa, mimi nahesabu miaka ya kukua. Ninachotaka ni kidogo: mgavi anapochelewa, tawi liwe na ruhusa ya kununua kwingine mahitaji ya mwezi mmoja bila kungoja saini ya mtu yeyote.

IDRISA: Sikubali. Ruhusa hiyo ikitolewa kwa nchi 40, mgavi mkuu atajua kwamba mkataba wake hauna uzito, na punguzo la bei litatoweka kwa wote.

REHEMA: Na bila ruhusa hiyo, ofisi inayolinda punguzo itaendelea kusimamisha mitambo.

IDRISA: Basi hapa hatutoki leo. Saa imetutupa mkono, na sijagusa lolote kuhusu kuchagua nchi wala kuhusu bei na sarafu.

REHEMA: Tuyaache hayo mawili, kwa sababu tukiyapa dakika tatu tutawadhulumu wasikilizaji.

IDRISA: Ila Toyota lazima niitaje. Baada ya tetemeko la Japani la Machi 2011 ilifuatilia wagavi wake hadi wagavi wa wagavi, ikawataka waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa, na agizo hilo lilitoka makao makuu.

REHEMA: Nalo nitalijibu, kwa kuwa Septemba 2021, chipu zilipoadimika, Toyota nayo ilipunguza uzalishaji wake duniani kwa asilimia 40 ya mpango, pamoja na akiba hiyo. Tuonane kipindi kijacho.