Kuchaguliwa Kupigwa: Mhadhara juu ya Uhalifu wa Chuki na Uzito wa Adhabu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa sheria, na wageni wote mliokubali kuitoa jioni yenu kwa ajili ya jambo zito kama hili, nawashukuru.

Swali nililopewa ni hili: mtu aliyempiga mwenzake kwa sababu ya rangi, kabila, dini au maumbile yake, je, aadhibiwe zaidi ya yule aliyempiga mwenzake kwa sababu ya deni au wivu, hata kama majeraha ya waliopigwa ni yale yale? Wapo wanaojibu ndiyo kwa uchungu, na wapo wanaojibu hapana kwa kuogopa serikali itakayowapekua watu mawazo yao. Mimi nitaanza na kesi, kwa sababu kesi haimruhusu mtu kujificha nyuma ya maneno ya jumla.

Mwezi Oktoba 1989, katika mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kundi la vijana weusi lilikuwa likizungumza juu ya filamu yenye tukio la mzungu kumpiga mtoto mweusi aliyekuwa akisali. Mmoja wao, Todd Mitchell, kijana wa miaka 19, akawauliza wenzake kama wako tayari kuwavamia wazungu. Muda si mrefu akapita upande wa pili wa barabara mvulana mzungu wa miaka 14, asiyewajua wala kuwakosea lolote. Mitchell akamwonyesha kwa kidole, akahesabu hadi tatu, na kundi likamvamia, likampiga na kumpora viatu. Mtoto yule alilala bila fahamu kwa siku nne.

Kwa sheria ya kawaida ya Wisconsin, adhabu ya juu kabisa ya shambulio la namna ile ilikuwa kifungo cha miaka 2. Lakini jimbo lilikuwa na kifungu kingine kilichosema kwamba mkosaji akimchagua mtu kwa makusudi kwa sababu ya rangi, dini, ulemavu, asili yake na mambo mengine yaliyotajwa, adhabu ya juu inaweza kupanda, na katika shauri hili ikapanda hadi miaka 7. Mitchell alifungwa miaka 4. Mahakama ya juu ya jimbo ikamwunga mkono ikisema kwamba kifungu kile kinaadhibu mawazo. Kisha Mahakama Kuu ya Marekani, mwezi Juni 1993, ikatengua uamuzi huo kwa kauli moja, majaji wote tisa, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu William Rehnquist, ambaye hakuna aliyewahi kumdhania kuwa mtu wa mrengo wa kushoto.

Naomba tusiipite kesi hii haraka. Kwanza, mshtakiwa alikuwa mweusi na aliyepigwa alikuwa mzungu. Wanaodhani kwamba sheria hizi ni zawadi kwa kundi moja tu wanapaswa kueleza ni vipi kesi iliyozisimamisha imekuwa na sura hiyo. Pili, na hili ndilo kubwa, sheria haikumwuliza Mitchell kama anawachukia wazungu. Ilimwuliza jambo moja tu: ulimchagua mtoto yule kwa sababu ya rangi yake, au hukumchagua kwa sababu hiyo? Kuchukia ni hali ya moyo, na moyoni mwa mtu hakimu hana njia ya kuingia. Kuchagua ni tendo. Lina mahali, lina saa, lina mashahidi, na katika kesi ile lilikuwa na kidole kilichonyooshwa na hesabu ya moja hadi tatu.

Pingamizi la mawazo si la kupuuzwa hata hivyo. Mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1992, Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeifuta sheria ndogo ya mji wa St. Paul, Minnesota, iliyotumiwa kumshtaki kijana aliyedaiwa kuchoma msalaba, ishara ya zamani ya wabaguzi wa kizungu ya kuwatisha watu weusi, katika ua wa nyumba ya familia ya watu weusi. Mahakama haikusema kwamba kuchoma msalaba katika ua wa mtu ni halali. Ilisema mji ungeweza kumshtaki kwa vitisho au kwa kuchoma mali, lakini haukuwa na ruhusa ya kuchagua ujumbe fulani na kuufanya kosa huku ujumbe mwingine wa matusi ukiachwa. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja unaona mpaka ulipochorwa: maneno peke yake yana ulinzi, pigo halina. Na pigo likishapigwa, sababu yake ni halali kuangaliwa wakati wa kupima adhabu, kama mahakimu wetu wanavyofanya kila siku wanapomsikiliza mtu aliyeiba kwa njaa na kumtenga na aliyeiba kwa uroho. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kumhurumia mwizi mwenye njaa ni kuadhibu mawazo ya mwizi mroho.

Kwa nini basi uchaguzi huo uongeze uzito? Rehnquist alitaja madhara matatu ambayo jimbo lilikuwa na haki ya kuyazingatia: kwamba uhalifu wa namna hii huchochea kisasi, humwumiza aliyetendewa kwa namna yake ya pekee, na huvuruga utulivu wa jamii. Mimi ningelisema hivi. Mtu aliyepigwa kwa sababu ya deni anaweza kulipa deni, kuhama mtaa au kumkwepa mdai wake. Aliyepigwa kwa sababu ya ngozi yake hana cha kulipa wala cha kukwepa, na kila mwenye ngozi kama yake aliyesikia habari ile anajua kwamba yeye amenusurika tu kwa kuwa hakuwa amepita barabara ile. Woga huo hauandikwi katika fomu ya daktari, lakini ni sehemu ya dhara, na mara nyingi ndio hasa mpigaji aliokuwa akiutafuta.

Hadi hapa nimekuwa upande wa wanaosema ndiyo. Sasa niseme mahali ninapoachana nao, kwa kuwa naona wanatumia mfano usiowafaa.

Kila mjadala huu unapofunguka, hutajwa mauaji ya James Byrd Jr., mtu mweusi wa miaka 49, aliyefungwa kwa mnyororo nyuma ya gari na kuburutwa kiasi cha kilomita 5 hadi kufa, katika mji wa Jasper, Texas, tarehe 7 Juni 1998. Jina lake, pamoja na la Matthew Shepard, mwanafunzi aliyeuawa Wyoming mwezi Oktoba mwaka huo huo, limo katika sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwaka 2009. Lakini tazama kilichowapata waliomwua Byrd. Wazungu wawili kati ya watatu walihukumiwa kifo, mmoja akauawa kwa sindano ya sumu mwaka 2011 na mwingine mwaka 2019. Wa tatu alipewa kifungo cha maisha. Haya yote yalifanyika kwa sheria ya mauaji iliyokuwapo. Sheria ya Texas inayobeba jina la Byrd ilipitishwa mwaka 2001, baada ya hukumu hizo, na isingeweza kuongeza kitu juu ya kifo.

Palipo na mauaji, kwa hiyo, nyongeza ya adhabu ina kazi ndogo sana. Kinachokosekana huko ni uchunguzi. Stephen Lawrence, kijana mweusi, alichomwa kisu na kuuawa kusini mashariki mwa London mwezi Aprili 1993, na wawili kati ya waliomwua walitiwa hatiani Januari 2012, karibu miaka 19 baadaye, ingawa majina yao yalikuwa yamefika polisi mapema kabisa. Ahmaud Arbery, kijana mweusi, aliuawa kwa risasi katika jimbo la Georgia mwezi Februari 2020, na wahusika hawakukamatwa hadi Mei, video ya tukio ilipowafikia watu. Jirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa uchungu wao wenyewe: kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachia huru washtakiwa wanne, jaji akilaumu vikali namna uchunguzi ulivyofanywa. Ungeandika adhabu yoyote uitakayo katika kitabu cha sheria, isingewafikia waliowasha moto ule.

Nyongeza ya adhabu ina kazi chini ya ngazi, kwenye shambulio la kawaida, vitisho, uharibifu wa mali, jiwe lililorushwa dirishani. Huko ndiko adhabu ya kawaida ni ndogo na ujumbe wa kosa ni mkubwa. Uingereza ilielewa hivyo mwaka 1998 ilipotunga makosa ya pekee yenye msukumo wa ubaguzi wa rangi: shambulio la kawaida, ambalo wakati huo lilikuwa na kifungo kisichozidi miezi 6, likawa na kifungo cha hadi miaka 2 likithibitika kuwa la kibaguzi. Huo ndio ukubwa wa jambo tunalolijadili, na haufanani na kelele zinazopigwa kutoka pande zote mbili.

Lakini thibitisho liwe thibitisho kweli. Charles Apprendi alifyatua risasi kuelekea nyumba ya familia ya watu weusi iliyohamia katika mtaa wa wazungu huko New Jersey mwaka 1994. Alikiri makosa, na adhabu ya juu ya kosa lililohusika ilikuwa miaka 10. Jaji peke yake, kwa kuona tu kwamba uwezekano wa nia ya kibaguzi ni mkubwa kuliko kinyume chake, akampa miaka 12. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikataa: jambo linaloipandisha adhabu kupita kilele cha kisheria, isipokuwa rekodi ya makosa ya zamani, lazima liamuliwe na juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, na lithibitishwe pasipo kuacha shaka. Naona walikuwa sahihi kabisa, hata kama sina huruma na Apprendi. Tukitaka kumwongezea mtu miaka jela kwa sababu aliyoitendea kosa, sababu hiyo iandikwe katika hati ya mashtaka, itolewe ushahidi, naye apewe nafasi ya kuipinga.

Sasa nije nyumbani, na hapa ndipo naamini uzoefu wetu una jambo la kuwafundisha wenzetu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa hapa Tanzania, kwa kuwa waganga waliwaaminisha wateja wao kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwezi Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwezi Septemba mwaka huo watu watatu walihukumiwa kifo Kahama kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Je, wauaji hawa waliwachukia wenye ualbino? Wengi wao hapana. Walitaka fedha. Wakili hodari, mbele ya sheria inayodai chuki ithibitishwe, angesimama na kusema mteja wangu hakuwa na kinyongo na mtu, alikuwa akifanya biashara, na angekuwa anasema kweli. Lakini ni nani atakayethubutu kusema kwamba watoto wale hawakuuawa kwa sababu ya jinsi walivyoumbwa?

Kwa hiyo kipimo cha kuchagua kinashika mahali kipimo cha chuki kinapoteleza. Najua swali mtakaloniuliza, maana nimeulizwa mara nyingi: jambazi anayevamia nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi kwa kudhani wanaficha fedha ndani, naye tumwite mhalifu wa aina hii? Amechagua pia. Jibu langu ni kutazama kama mhalifu angeridhika na mtu mwingine. Jambazi yule, ukimwonyesha kwamba fedha ziko kwa jirani Mchaga au Mpemba, atahamia huko bila kusita. Asili ya mwenye nyumba kwake ni kisio tu cha mahali zilipo fedha. Mnunuzi wa kiungo cha mtu mwenye ualbino hawezi kuridhika na mtu mwingine yeyote, wala Mitchell asingenyoosha kidole kwa mvulana mweusi. Mstari huu si mnyoofu kila mahali, na zitakuwapo kesi zitakazokaa katikati. Hizo zihukumiwe kwa kosa la kawaida.

Mtaniambia pia kwamba kwetu adhabu ya kuua kwa kukusudia tayari ni kifo, na kujaribu kuua kunaweza kufikia kifungo cha maisha, kwa hiyo ninachopendekeza hakina nafasi. Nakubali kuhusu kuua. Lakini waulizeni wanaoishi na hofu hii kuhusu makosa yasiyofika huko: mtu anayemnyemelea mtoto njiani akitoka shule, anayewapigia kelele za kutaja bei wapitapo sokoni, anayefukua kaburi usiku, hadi familia zikalazimika kuyafunika makaburi ya wapendwa wao kwa zege. Makosa hayo sheria zetu za jinai, ambazo kwa sehemu kubwa tulizirithi kwa Waingereza, hazikuyawazia katika sura hii. Hakimu wa wilaya anayepokea shauri la namna hiyo leo anaweza kulipima kama utukutu wa kijiweni au kama uvamizi wa makaburi tu. Mimi ningependa awe na kifungu mkononi, chenye ukomo wa miaka uliotajwa wazi, kinachoutaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba aliyetendewa alichaguliwa kwa sababu ya maumbile yake, na hilo likishathibitishwa, kinachomruhusu hakimu kuongeza bila kumlazimisha. Namruhusu asiongeze pia, kwa kuwa mvulana wa miaka 15 aliyetumwa na mjomba wake kufukua kaburi si sawa na mjomba mwenyewe, wala na mganga aliyemtuma mjomba.

Nadhani muda wangu umekwisha, na naona mikono imeshaanza kunyooka. Tuanze na dada aliyeko safu ya nyuma.