Nguvu ya Kioo Iko Ukingoni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni kukata kioo chembamba kwa leza, nami nitaanza na ukingo wa kioo, maana huko ndiko mambo yote yanakoamuliwa.

Mmemwona fundi vioo kazini. Anaweka rula, anapitisha kikatio chenye gurudumu dogo, kisha anabinya na kioo kinaachana. Fundi yule ameanzisha ufa na kuuongoza, basi. Lakini gurudumu huacha majeraha madogo kando ya mstari, jicho halioni. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa: nyufa ndogo zilizokwishakuwamo hukusanya mkazo kwenye ncha zake. Kioo cha dirisha cha milimita 4 kinavumilia hayo. Kioo cha simu ya kukunja, chenye unene wa mikromita 30 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hakivumilii. Kila kikikunjwa, jeraha la ukingoni linavutwa.

Njia ya kwanza ya leza ni ya joto. Leza ya kabonidayoksaidi hutoa mwonzi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, na kioo, ambacho tunaona mwanga ukikipita, huumeza mwonzi huo palepale kwenye uso. Nyuma yake hufuata mnyunyizo wa maji baridi. Sehemu iliyopashwa moto inasinyaa ghafla, mvutano unazaliwa, na ufa unafuata njia ya leza. Hakuna unga wa kioo, na ukingo hutoka laini sana. Kwa mistari iliyonyooka naipenda njia hii. Kwenye kona kali ufa huanza ukaidi.

Njia ya pili, ya mipigo mifupi ya mwanga, ndiyo inayonisisimua. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Donna Strickland na Gérard Mourou waliurefusha mpigo wa leza, wakaukuza, kisha wakaubana tena uwe mfupi mno. Tuzo ya Nobel waliipata 2018. Fikirieni pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde: katika muda huo mwanga husafiri milimita 0.3 tu! Nishati ikisongamana hivyo, kioo kilichokuwa kikiupitisha mwanga uleule kinaanza kuumeza, kwa sababu fotoni kadhaa, yaani chembe za mwanga, kwa pamoja zinaing'oa elektroni moja. Hayo hutokea ndani ya kioo, kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa.

Ongezeni lenzi yenye umbo la pia. Badala ya nukta moja, mwanga unakolea kwenye mstari mwembamba unaopenya unene wote. Kila mpigo huacha tundu la kiasi cha mikromita moja, mengine yakifuata kwa mpangilio, kama vitundu vya kitabu cha risiti. Kukikunja kioo kidogo au kukipasha joto kunatosha kutenganisha vipande, hata vya mviringo.

Hata hivyo, ukingo huo bado una mikwaruzo, na kwa kioo cha kukunja viwanda huulainisha kwa asidi. Kioo cha kuimarishwa kwa chumvi ya potasiamu ni vyema kikatwe kwanza, ndipo kizamishwe katika chumvi hiyo iliyoyeyushwa, ili ukingo nao upate ngozi iliyobanwa. Ukikata baadaye, unaacha wazi kiini chenye mvutano.

Haya, nakaribisha maswali.