Baada ya Lango la Gereza: Nani Anampokea Binti?

USTADHATI: Assalaam aleikum, wasikilizaji wetu, na Bwana Yesu asifiwe. Tunazungumza nanyi kutoka Chumbageni, hapa Tanga, na mada yetu leo ni mabinti walioko gerezani na namna watu wa dini wanavyoweza kuwalea hadi warudi uraiani. Niseme mapema kwamba hatuzungumzii watoto, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Tunawazungumzia wasichana waliovuka umri huo juzi tu, ambao sheria inawahesabu kuwa watu wazima huku nyumbani bado wakiitwa watoto.

MCHUNGAJI: Nakushukuru, Ustadhati. Mimi nianze kwa kutulaumu sisi wenyewe. Makanisa na misikiti huenda gerezani wakati wa sikukuu, hupeleka sabuni, sukari na taulo za kike, huimba au husoma dua, hupiga picha mbele ya lango, kisha huonana tena na wafungwa mwaka unaofuata. Sizibezi zawadi hizo, maana sabuni ni sabuni. Lakini binti anayetarajia kutoka baada ya miezi sita anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa jina, ambaye atakuja tena mwezi ujao kama alivyoahidi.

USTADHATI: Na hapo ndipo kisa cha Nabii Yusuf kinaponigusa. Alimwambia mfungwa mwenzake aliyekuwa karibu kuachiwa amkumbuke mbele ya bwana wake, yule mtu akasahau, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa.

MCHUNGAJI: Katika kitabu cha Mwanzo ni hivyo hivyo: mkuu wa wanyweshaji alisahau, na ikapita miaka miwili mizima. Mimbarini tunamsifu Yusuf kwa subira yake, lakini ni nadra kumhubiri yule aliyesahau, labda kwa sababu tunafanana naye mno.

USTADHATI: Kazi hii ina historia ndefu. Kule London, Elizabeth Fry, mwanamke wa madhehebu ya Quaker, aliingia gereza la Newgate mwaka 1813 akawakuta wanawake na watoto wao wamerundikana katika uchafu. Mwaka 1817 yeye na wenzake waliunda chama cha kuwasaidia wanawake wale, wakaanzisha shule na kazi za kushona. Ninachokipenda kwake ni kwamba sheria za nidhamu ya mle ndani zilisomwa mbele ya wafungwa, nao wakapiga kura kuzikubali. Hakuwafanya kuwa wasikilizaji tu wa mawaidha.

MCHUNGAJI: Sisi wa pwani nasi tuna msingi wetu. Binti alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemfunda, akamsimamia, na akawa na haki ya kumkemea hata baada ya kuolewa. Mlezi wa gerezani angefaa kuwa mtu wa namna hiyo, mwenye uhusiano unaoendelea.

USTADHATI: Sasa tuingie katika utendaji, kwa sababu hapa ndipo nia njema nyingi hukwama. Kwa kawaida mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo aliyehukumiwa miaka mitatu aweza kutoka baada ya miwili. Tarehe yake inahesabika, na mlezi makini huanza maandalizi mapema: nani atampokea, atalala wapi, kitambulisho chake cha NIDA kiko wapi, na nani atamwandikia barua ya utambulisho kwenye serikali ya mtaa.

MCHUNGAJI: Lakini msamaha wa Rais hausubiri kalenda yetu. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, na mara nyingi misamaha imetangazwa siku ya Muungano, 26 Aprili, au siku ya Uhuru, 9 Desemba. Binti anaweza kujikuta nje ya lango akiwa na mfuko wa nguo na nauli isiyomfikisha kwao. Katika saa hizo anayemkaribisha kwanza ndiye anayempata, na mara nyingine ni yule yule aliyemwingiza katika biashara ya dawa za kulevya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila binti aihifadhi kichwani namba ya simu ya mlezi wake. Karatasi hupotea.

USTADHATI: Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo, na zinataja nyaraka, makazi, kazi, mavazi na njia ya kumfikisha aendako. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wanawake, zinaongeza kwamba mwanamke afungwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Jambo hilo ni zito, kwa sababu mwanamume akifungwa, mama na mke humfuata na chakula; mwanamke akifungwa, mume huoa na ndugu huona aibu.

MCHUNGAJI: Hivyo nusu ya kazi ya mlezi haiko gerezani, iko mitaani hapa Tanga, Makorora au Mwanzange, sebuleni kwa baba aliyeapa kwamba binti huyo hatakanyaga tena kwake. Huendi mara moja. Unakwenda na mtu anayemheshimu, shehe au mzee wa kanisa, na humwombi amsamehe siku hiyo. Unamwomba akubali kwanza kupokea salamu.

USTADHATI: Kuna swali ambalo wasikilizaji watatuuliza: je, binti wa Kiislamu akilelewa na mchungaji, atabadilishwa dini?

MCHUNGAJI: Asibadilishwe. Mtu aliyefungwa hana uhuru wa kukataa sawasawa, kwa hiyo msaada unaosubiri ubatizo au shahada ni kishawishi. Nikimkuta Mwislamu anayetaka kusoma Kurani, nakupigia wewe.

USTADHATI: Nami nimewahi kukupigia. Kwa upande wa riziki, niseme kwa ufupi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ya wanawake na vijana hutolewa kupitia vikundi, na kikundi hakimpokei asiyemwamini. Cherehani bila mdhamini haimfikishi mbali, hata kama alijifunza kushona vizuri akiwa ndani.

MCHUNGAJI: Basi anayetaka kuanza asiende gerezani peke yake. Apitie msikiti au kanisa lake, waandike barua kwa mkuu wa gereza kuomba kibali, wamwone afisa ustawi wa jamii, na kila mlezi apewe binti mmoja, asizidishe wawili. Na kama hana uhakika wa kurudi mwezi ujao, asimwahidi.