Nani Atalipia Hologramu?

BAKARI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo Zuhura ameingia studio na furushi la makaratasi utadhani anakwenda mahakamani.

ZUHURA: Ni mkataba, Bakari. Wiki hii yote nimekuwa nao, mkataba wa pango wa uwanja wa Cincinnati, huko Marekani, wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Bengals, ule wa 1997. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, nani anapata nini kwenye ardhi ya pembeni ya uwanja. Nikakutana na hologramu.

BAKARI: Hologramu?

ZUHURA: Naam. Kuna kifungu cha maboresho. Kaunti ya Hamilton, ambayo ndiyo mwenye uwanja, ilibebeshwa gharama za vifaa vipya, hata vile ambavyo havijavumbuliwa. Na kwenye orodha umetajwa mfumo wa kurudia matukio ya mchezo kwa hologramu. Mwaka 1997, bwana!

BAKARI: Yaani mpangaji anamwambia mwenye nyumba, "siku ikitoka televisheni ya kuonyesha watu hewani, uninunulie."

ZUHURA: Na mwenye nyumba anatia saini.

BAKARI: Sawa. Tulipanga hatua tano za kukagua mpango wa uwanja na maduka yake, basi tuanze na ya kwanza, fedha zinatoka wapi. Hapo Cincinnati, wapiga kura wa 1996 walikubali kuongeza nusu senti kwenye kodi ya mauzo, wajengewe viwanja viwili, wa futiboli ya Kimarekani na wa besiboli. Ule wa futiboli ukafunguliwa 2000, wa besiboli 2003.

ZUHURA: Na kura ilipita kwa sababu wenye nyumba waliahidiwa punguzo la kodi ya majengo kutoka kwenye mfuko huohuo. Hapo ndipo lilipo tatizo. Umeweka chanzo kimoja kinachopanda na kushuka na uchumi, halafu umekibebesha deni, matengenezo, punguzo na...

BAKARI: Usiseme.

ZUHURA: ...na hologramu. Mauzo yasipokua kama walivyokisia, mwenye hatifungani, yaani aliyeikopesha kaunti, analipwa kwanza. Timu ina mkataba, haiguswi. Anayebaki wa kukatwa ni mwenye nyumba, na kweli punguzo lake likakatwa.

BAKARI: Msikilizaji atauliza, kwa nini kaunti isipandishe tu pango la timu? Jibu liko kwenye sheria ya kodi ya Marekani ya 1986. Hatifungani ya serikali ya mtaa ina faida kwamba riba yake haitozwi kodi na serikali kuu, kwa hiyo mji unakopa kwa bei nafuu. Lakini uwanja ukitumiwa na biashara binafsi kwa zaidi ya asilimia 10, na zaidi ya asilimia 10 ya malipo ya deni yakitokana na biashara hiyo, msamaha unaondoka. Timu hutumia uwanja karibu wote, kipimo cha kwanza umeshakivuka. Umebakiwa na kimoja.

ZUHURA: Ndipo mji unapolishusha pango. Sheria iliandikwa kuzuia ruzuku, ikaishia kuzipanga vizuri. Deni likiwa dola milioni 20 kwa mwaka, pango linalokwenda kwenye deni lisizidi milioni 2. Hizo 18 zitafute kwenye hoteli, magari ya kukodi na vikapu vya watu sokoni.

BAKARI: Las Vegas walichagua hoteli. Dola milioni 750 za umma kwa ajili ya Allegiant Stadium zinalipwa kwa kodi ya vyumba. Mimi naona ni afadhali, angalau mgeni ndiye anayechangia.

ZUHURA: Mpaka ije korona. Uwanja umefunguliwa 2020, hoteli hazina watu. Ndiyo maana kwenye mpango wa namna hiyo swali langu la kwanza huwa akiba. Je, kuna malipo ya deni ya mwaka mzima yaliyowekwa kando? Kama hayapo, siendelei kusoma.

BAKARI: Twende hatua ya pili, mgawanyo wa...

ZUHURA: Subiri, sijamaliza kifungu changu. Unajua St. Louis walikuwa na kitu kibaya kuliko hologramu? Mkataba wa uwanja wao na timu ya futiboli ya Rams ulisema uwanja ubaki katika robo ya juu ya viwanja vya ligi, na upimwe baada ya kila miaka kumi. Wenzako wote wanajenga vipya, wewe unakimbizana nao. Mwaka 2013 wasuluhishi wakaupa ushindi mpango wa timu wa ukarabati, makadirio kama dola milioni 700. Mji ukashindwa, mkataba ukageuka wa mwaka kwa mwaka, na 2016 Rams wakahamia Los Angeles. Deni la uwanja likabaki palepale.

BAKARI: Hilo ndilo lenye hatari. Hologramu ni kichekesho.

ZUHURA: Ni kitu kilekile! "Kifaa chochote kitakachoenea kwenye viwanja vingine" na "robo ya juu" vyote ni hundi isiyojazwa tarakimu. Skrini kubwa ilikuwa hologramu ya jana. Intaneti ya Wi-Fi kwa watazamaji elfu 60 ilikuwa hologramu. Kesho sijui watataka nini, viti vya kupuliza ubaridi.

BAKARI: Tumepoteza dakika kumi na mbili kwenye hologramu.

ZUHURA: Zimetumika vizuri.

BAKARI: Mimi nataka twende kwenye maduka. Cobb, Georgia, uwanja wa Atlanta Braves uliofunguliwa 2017. Kaunti ilitoa kama dola milioni 300. Pembeni timu ikajenga The Battery, yaani ofisi, nyumba, hoteli, migahawa. Na kwa kuwa Braves ni kampuni ya soko la hisa, mapato ya eneo hilo yanatangazwa kila robo mwaka. Hapa kuna kitu kinachopimika. Besiboli ina mechi 81 za nyumbani kwa mwaka, mgahawa unaweza kuajiri watu wa kudumu. Futiboli ina nane au tisa.

ZUHURA: Mapato ya nani?

BAKARI: Ya timu. Lakini majengo yale yanalipa kodi ya majengo. Uwanja wenyewe haulipi, kwa sababu ni wa umma.

ZUHURA: Basi umetangaza faida ya mpangaji kwa shangwe ya mwenye nyumba. Mkazi wa kaunti anataka kujua kodi iliyoongezeka, tena iliyoongezeka *kwa sababu* ya uwanja. Eneo lile liko kwenye makutano ya barabara kuu mbili, liko jirani na ofisi nyingi. Ungeniachia mimi kiwanja kile ningejenga nyumba za kupanga bila mpira.

BAKARI: Usingejenga kwa kasi ile wala kwa ukubwa ule.

ZUHURA: Kasi si thamani. Chukua eneo lenye thamani ya dola milioni 100. Kodi ya shule na huduma nyingine unaifungia kwenye thamani hiyo, na kodi ya ongezeko lote inakwenda kulipa deni la mradi. Baada ya miaka kumi thamani ni 160. Kodi ni asilimia 2, kwa hiyo mradi unachukua milioni 1.2 kwa mwaka. Watu wanapiga makofi. Lakini ardhi ingepanda yenyewe asilimia 3 kila mwaka, ungefika kama 134. Zaidi ya nusu ya fedha ile ilikuwa ya shule na zimamoto tayari.

BAKARI: Kwa sharti kwamba asilimia 3 yako ni sahihi. Weka asilimia 1, unafika 110 tu, na mradi umeleta hamsini ya kweli. Na ardhi iliyokuwa maegesho matupu miaka ishirini haipandi kwa kuitazama.

ZUHURA: Kwa nini yalikuwa maegesho? Mara nyingi kwa sababu mkataba wa uwanja wa *zamani* uliwahakikishia wenye timu idadi ya nafasi za magari! Huwezi kujenga duka bila ridhaa yao. Ruzuku ya kwanza imeziba kiwanja, ya pili inalipwa kukifungua.

BAKARI: Hiyo ni hoja dhidi ya mkataba mbovu. Ifungwe kwa ratiba: jengo la kwanza liwe limekamilika kabla ya mechi ya kwanza, vinginevyo fungu la pili la umma halitoki. St. Louis waliahidiwa Ballpark Village, eneo la migahawa na burudani, pamoja na uwanja wa besiboli wa 2006, awamu ya kwanza ikafunguliwa 2014. Ratiba ilikosa meno. Mradi wenye meno mimi nauunga mkono.

ZUHURA: Mimi siungi. Meno yako yatajadiliwa upya siku timu itakapotaja mji mwingine.

BAKARI: Hapo hatukubaliani.

ZUHURA: Wala hatutakubaliana leo.

BAKARI: Naambiwa zimebaki dakika mbili. Zile hatua tano...

ZUHURA: Tumefanya moja.

BAKARI: Moja na nusu. Nikimbize ya tatu: gharama ikizidi makadirio nani analipa? Itafuteni kwenye makubaliano ya ujenzi, maana kwenye pango hamtaikuta, na muone kama umma umewekewa kikomo cha kiasi au cha asilimia, kwa sababu cha asilimia kinapanda na...

ZUHURA: Na kama kikomo kinahusu barabara, maji taka na polisi wa siku za mechi. Mara nyingi vimeachwa nje.

BAKARI: Muda umekwisha. Ya nne na ya tano tutaziweka kwenye...

ZUHURA: Hatutaziweka, Bakari. Wiki ijayo ni haki za matangazo.