Data za fomu ya kwanza ziko wapi ukifika ya tatu?

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Leo naongelea kitu kimoja tu, fomu yenye hatua zaidi ya moja. Mtu anajaza ukurasa wa kwanza, anabonyeza endelea, anajaza wa pili, endelea, wa tatu, tuma. Sasa nawauliza, vile alivyojaza mwanzo viko wapi muda huo yuko ukurasa wa tatu? Usijibu haraka, manake nimeona mifumo mikubwa tu ambayo walioiandika wenyewe wakiulizwa hilo wanaanza kutazamana.

HTTP, ile lugha brauza na seva zinazoongea, haina kumbukumbu. Seva ni kama karani anayekusahau ukishampa mgongo, ukirudi anakuuliza wewe nani. Kwa hiyo data lazima mtu azishike, na wa kuzishika ni wawili tu, brauza au seva, hamna wa tatu. Mbinu zote mtakazosikia zinaangukia upande mmojawapo au zinachanganya.

Tuanze na brauza. Njia ya zamani ni ile input ya type="hidden", unachukua alichojaza hatua ya kwanza unakipachika kwenye HTML ya hatua ya pili bila kuonekana, akituma vinakuja vyote pamoja. Watu wanaidharau lakini inafanya kazi, tena kila kichupo (tab) cha brauza kinabeba data zake chenyewe, hilo mtaliona baadaye lina faida gani. Tatizo ni kwamba yeyote anabonyeza F12, brauza inamfungulia HTML ya ukurasa, anaona mtumiaji_id=41, anaifuta anaandika 42, anatuma. Basi. Kama programu yako inaichukua ile namba na kwenda nayo moja kwa moja kwenye databesi, jamaa ameshabadilisha taarifa za mwenzake na wala hakuhitaji kuwa haka. Ukiisaini kwa HMAC, yaani saini inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri, ufunguo ukabaki kwenye seva, akigusa herufi moja saini inagoma, hapo sawa, ila saini haifichi kitu na wala haimzuii kutuma leo fomu ya juzi ambayo saini yake ni halali kabisa, labda uweke na muda wa mwisho ndani yake. Kupitisha kwenye URL ni yale yale, halafu juu yake inabaki kwenye historia ya brauza na kwenye logi za seva, kwa hiyo vitu vya siri huko usithubutu.

Sesheni ndo wengi mnaitumia. Seva inashika data, brauza inapewa namba ndefu isiyoweza kubahatishwa ndani ya kuki, yaani kipande kidogo cha data ambacho brauza inakihifadhi na kukirudisha kwa seva kila ombi, basi. Kuki zenyewe alizibuni Lou Montulli akiwa Netscape, kampuni ya brauza, mwaka 1994, na shida ilikuwa hii hii yetu, duka la mtandaoni likumbuke mteja alichochagua bila seva kubeba mzigo wa manunuzi ambayo hayajakamilika. Tukaja kuzitumia kinyume, mzigo tukaurudisha seva, kuki ikabaki na namba tu, na ni vizuri hivyo manake kuki moja mwisho wake ni kama baiti 4096 na inasafiri na kila ombi hata la picha.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize. Mtu anakata tiketi, amefungua kichupo kimoja akachagua safari ya Jumatatu, hajamaliza, akafungua kichupo kingine aangalie ya Ijumaa, akaichagua. Akarudi kichupo cha kwanza, skrini bado inamwonyesha Jumatatu, akalipa. Amepata tiketi ya Ijumaa! Vichupo vyote viwili vina kuki ile ile kwa hiyo sesheni ni moja, na wewe uliandika sesheni['safari'], sehemu moja tu, aliyekuja mwisho amemfuta wa mwanzo. Hamna erori, hamna logi, data ni halali kabisa ila ni ya safari nyingine. Ukijaribu peke yako na kichupo kimoja hutaiona hata mwaka mzima.

Dawa yake mi naipenda hii: mtu akianza tu fomu, tengeneza rasimu kwenye databesi, ipe namba yake, namba hiyo iingie kwenye URL, kitu kama /maombi/7f3a/hatua-2. Vichupo viwili, rasimu mbili, hamna kugongana. Na kila ombi likija unaangalia mwenye rasimu ndiye huyu aliyelogini au la, hapa usiwe mvivu, la sivyo umerudi kwenye 41 na 42. Faida nyingine, sesheni ikiisha data zinabaki. PHP, lugha ya kuandikia programu za seva, usipoigusa mipangilio yake inahesabu data za sesheni kuwa takataka baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24, na kuna fomu mtu anainuka kwenda kutafuta cheti kabatini akirudi zimeshapita.

Kila hatua ikipokea POST, yaani ombi la kutuma data, hifadhi, halafu usichore ukurasa hapo hapo, jibu kwa 303, namba inayoiambia brauza iende kwingine, umpeleke hatua inayofuata kwa GET, yaani ombi la kusoma ukurasa tu. Akirifreshi hatumi tena. Hatua ya mwisho bado mtu atabonyeza mara mbili, kwa hiyo databesi yenyewe ikatae rasimu moja kukamilishwa mara ya pili, usiitegemee javascript kuzima kitufe.

Naam, dada pale. Mafaili? Swali zuri. Faili huwezi kulirudisha kwenye fomu, brauza hairuhusu ukurasa ujijazie wenyewe sehemu ya faili, na ni haki yake, la sivyo tovuti yoyote ingejichukulia mafaili yako. Kwa hiyo likifika hatua ya pili lipokee hapo hapo, lihifadhi pembeni, kwenye rasimu weka jina na namba yake tu, halafu uwe na kazi ya usiku inayofagia mafaili ambayo rasimu zake zimetelekezwa.